Maandazi ya Vappu na futari ya saa nne usiku

Mwezi wa nne Tornio ni mchafu. Naanza na hilo kwa sababu picha ninazoombwa na ndugu zangu wa Tanga ni za theluji nyeupe ya Desemba au za maua ya Juni, na katikati hapo kuna miezi miwili ambayo hakuna anayetoa simu mfukoni kuipiga picha. Theluji iliyosukumwa kando ya barabara tangu Novemba imekuwa vilima vyeusi. Kokoto ndogo zilizomwagwa njiani msimu mzima ili watu wasiteleze zimebaki juu ya lami kavu, matairi yenye misumari yanazisaga, na kwa vumbi linalotimka ungedhani umeshuka stendi ya Handeni. Kila kilichodondoka tangu mwaka jana kinafichuka tabaka kwa tabaka: glavu ya mtoto, ufunguo wa baiskeli ya mtu, na vinyesi vya mbwa visivyo na idadi.

Mji wenyewe uko kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba ya Bothnia, chini kidogo tu ya Duara la Aktiki. Mto Tornionjoki ndio mpaka: huku Ufini, ng'ambo Uswidi, na daraja unalivuka kwa miguu. Nilikuja kwa kazi ya kuhudumia wazee, na kama yeyote aliyechorewa majira manne ya mwaka kwenye ubao wa shule, nilidhani baridi ikiisha yanafuata maua. Yanafuata matope. Kisha theluji tena, kisha siku tatu za jua kali, kisha theluji nyingine. Majani ya miti hayafunguki mpaka Mei inaelekea ukingoni. Wenyeji wanalijua hilo toka enzi za babu zao, na hawakai kuyasubiri hayo majani. Raha ya majira ya kuchipua wanajitengenezea wenyewe, jikoni na juu ya barafu, wakati majira yenyewe bado yako njiani. Katika yote niliyoyakuta huku, hilo ndilo nililolipenda kuliko mengine.

Nianze na barafu. Machi inapoisha, jua la mchana linayeyusha uso wa theluji na baridi ya usiku inaugandisha upya, mpaka unafanyika ukoko. Asubuhi na mapema ukoko huo unambeba mtu mzima na mzigo wake. Unakatiza kinamasi ambacho Julai kingekumeza hadi kiunoni, unapita katikati ya msitu pasipo na njia, unakwenda utakako. Mwisho wake ni kama saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua limeshalainisha, kila hatua unazama gotini, na safari ya kurudi inakuwa adhabu. Kazini kwangu wenye zamu ya mchana huamka alfajiri kwa ajili hiyo tu, siku ambayo wangeweza kulala. Nilimuuliza mwenzangu mmoja huwa anakwenda wapi. "Popote," akasema. "Ndiyo raha yake."

Halafu kuna kuvua. Mimi nimekulia pwani, bahari naijua, lakini bahari ya kutembelea kwa miguu sikuwahi kuifikiria. Hii ya hapa ina mambo yake: maji hayajai wala hayapwi kwa namna ya kuonekana, na chumvi yake haifiki hata sehemu ya kumi ya chumvi ya Bahari ya Hindi, ndiyo maana samaki wa mtoni wanaishi humo bila shida. Aprili utaona watu wametawanyika mbali huko juu ya weupe, kila mmoja ameketi peke yake na mgongo ameupa upepo. Vifaa ni vichache. Keekee ndefu ya kutobolea barafu, kijiti cha kuvulia kisichozidi urefu wa mkono, ngozi ya kulungu wa kaskazini ya kukalia, na chupa ya chai iliyojaa kahawa. Shingoni mtu anavaa jozi ya vishikio vya mbao vyenye misumari nchani, ili akitumbukia aichome barafu na kujivuta atoke. Kuvua kwa mtindo huo sehemu kubwa ya nchi hakuhitaji kibali wala ada. Unatoboa, unakaa.

Wanaojua hupima barafu kwa fimbo ya chuma kila hatua chache, maana barafu ya Aprili ni tapeli. Inaweza kuwa nene kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole na bado ikakudondosha. Jua limeshaila kwa ndani, imebaki sindano ndefu zilizosimama bega kwa bega, hazishikani. Desemba barafu nyembamba zaidi ya hiyo, iliyo ngumu, ingekubeba vizuri tu.

Samaki anayetoka mara nyingi ni ahven, mdogo, ana mistari mgongoni na mapezi mekundu, mifupa mingi. Simsifii sana. Ninachosifia ni kile kinachotoka kwenye mkoba. Kuna jibini bapa, pana, yenye madoa ya kuungua juu, ambayo zamani akina mama wa huku waliitengeneza kwa dang'a, yale maziwa mazito ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Unaikata vipande, unavitia kikombeni, unamiminia kahawa ya moto juu yake. Subiri kidogo. Jibini haiyeyuki, inalainika tu na kuloa kahawa, na ukiitafuna inalia nyiki-nyiki menoni. Mara ya kwanza niliikubali kwa adabu. Siku hizi hainipiti.

Aprili pia ni mwezi wa kumaliza friza. Sehemu za baridi zina desturi hii ambayo sisi wa matunda ya mwaka mzima hatuna: matunda ya vinamasini, ya rangi ya chungwa, yanachumwa majira ya joto, yanagandishwa, na yanaliwa kwa hesabu miezi yote ya giza. Mapakiti ya mwisho yanatolewa wakati huu ili kupisha ya mwaka mpya. Yanamwagwa juu ya chapati za maji, na wazee ninaowahudumia, ambao siku nyingine hata uji wanaukataa, sahani wanairudisha tupu.

Sasa nifike kwenye mwaka 2022, maana mwaka huo mambo yalikutana.

Ramadhani ilianza tarehe 2 Aprili na Idi ikawa Jumatatu tarehe 2 Mei. Yaani mwezi mzima wa mfungo ulilala juu ya mwezi ambao nuru ya huku inakimbia. Mtu wa Tanga anajua magharibi ni saa kumi na mbili na ushei, mwaka nenda mwaka rudi. Huku siku ya kwanza tulifuturu saa mbili na dakika kama ishirini usiku. Siku ya mwisho ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Kila jioni jua lilijiongezea dakika tatu, wakati mwingine zaidi, na asubuhi lilichukua nyingine kwa upande wa pili. Kufikia wiki ya mwisho giza lenyewe halikuingia sawasawa. Ukitoka roshani saa saba za usiku unaona upande wa kaskazini mbingu ina weupe, na unashindwa kusema kama ni machweo yaliyochelewa au alfajiri iliyowahi. Kuhusu ratiba ya daku kila mtu ana yake: wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wa mji wa kusini, wapo wanaofuata jua lililo juu ya kichwa chao. Mimi nilifuata jua. Mabishano ya fikihi nawaachia wenye elimu.

Kichekesho kilikuwa upande wa pili wa mto. Uswidi iko nyuma ya Ufini kwa saa moja, na mwenzangu mmoja aliyekulia Mombasa anaishi Haparanda, umbali wa kutembea. Jioni akawa ananitumia ujumbe: "Sisi huku twafuturu saa tatu kasoro, nyinyi mwangoja mpaka saa nne. Mwafunga za wapi hizo?" Jua ni lile lile, dakika ni ile ile, na tende tulikuwa tunazitia mdomoni kwa pamoja. Lakini akitazama saa yake ya ukutani anajiona mjanja, nami, niseme kweli, nikitazama yangu nilikuwa naona njaa zaidi.

Ghorofa ya chini yangu anaishi bibi aliyepita miaka themanini. Huku hata bosi wa bosi wako anaitwa kwa jina lake la kwanza, na bibi alinitajia lake siku ya kwanza tulipokutana kwenye ngazi. Ulimi ukakataa. Nimwite mtu wa umri wa nyanya yangu kwa jina tupu, mimi, mtoto wa Ngamiani? Tukasikilizana nimwite mummo, ndivyo wajukuu wa huku wanavyowaita bibi zao. Akacheka, akakubali, na tangu hapo amekuwa akinipa amri za kibibi.

Amri ya wiki ya mwisho ya Aprili ilikuwa: shuka, tunatengeneza sima.

Sima ni kinywaji cha Vappu, sikukuu inayoanza jioni ya tarehe 30 Aprili na kuendelea tarehe 1 Mei. Ni Mei Mosi hiyo hiyo ya wafanyakazi, ila kwetu ni maandamano, fulana za chama na kusubiri kusikia la mishahara. Huku yamechanganyika na sherehe za wanafunzi, kwa hiyo kila aliyemaliza sekondari ya juu, kijana kwa mzee, anatoa kabatini kofia yake nyeupe na kuivaa. Nimemwona mzee wa miaka tisini akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kofia imekuwa ya manjano kwa umri, puto limefungwa kwenye mkono wa kiti. Vappu ya huku mara nyingi inanyeshewa na theluji. Hakuna anayeahirisha kitu.

Mummo alikuwa ameshapanga vitu mezani. Maji lita tano. Sukari nusu kilo, nusu yake nyeupe na nusu ya kahawia. Malimau mawili. Hamira mbichi, ile ya kipande laini, kiasi cha punje moja ya njegere na si zaidi. Zabibu kavu. Malimau aliyaosha kwa maji ya moto, akamenya ganda la njano jembamba kabisa, kisha akatoa ule weupe na kuutupa, maana ndio wenye uchungu, akakata nyama ya ndani vipande. Nusu ya maji ilichemshwa na kumiminwa juu ya sukari na malimau kwenye ndoo safi. Nusu nyingine ikaingia baridi. Kisha tukangoja. Hamira haitiwi kwenye maji ya moto, itakufa, wala haitiwi kwenye maji baridi, italala. Yeye alipima kwa kidole, kama mama yangu anavyopima maji ya kukandia unga.

Hapo nikamuuliza kuhusu kilevi. "Watoto wanakunywa," akasema, kana kwamba amemaliza mjadala. Ni kweli sima changa ina kilevi kidogo mno, lakini hamira haiachi kazi kwa sababu mtu anafunga, na kadiri chupa inavyokaa ndivyo inavyozidi kuchacha. Nikaomba nichote jagi langu kabla ya hamira. Mummo aliniangalia kwa mshangao, kisha akanichotea mwenyewe, akaongeza kipande cha limau. Lile jagi lilikaa kwenye friji mpaka magharibi na nililifungulia: ukali wa limau kwanza, halafu ule utamu mzito wa sukari ya kahawia unaobaki kooni. Sijaona haja ya kuongeza kitu tangu siku hiyo.

Ya kwake ilikaa ndooni mpaka kesho yake, kisha ikachujwa na kutiwa kwenye chupa. Kila chupa ilipata kijiko cha chai cha sukari na zabibu chache. "Usikaze mfuniko," alisema. Baada ya dakika tano: "Hujakaza mfuniko?" Mwaka mmoja, zamani, marehemu mume wake aliikaza na chupa ikapasuka kwenye kabati la makoti, na nadhani mpaka leo hajamsamehe.

Zabibu ndiyo saa ya sima. Siku ya kwanza zimelala chini, nyeusi, zimekunjamana. Siku ya pili zimevimba na kuwa laini, na ukiinama kutazama utaona vipovu vidogo vinazishika pembeni kimoja kimoja. Moja inanyanyuka, inapinduka, inafika juu, vipovu vinapasuka, inazama tena. Halafu nyingine. Siku ambayo zabibu zote zinabaki juu, sima iko tayari, na inapelekwa kwenye baridi. Mummo alinigongea mlango mara mbili siku hiyo kunijulisha zabibu zimefika wapi. Bibi huyu runinga anayo, lakini chupa ndiyo aliyokuwa akiitazama.

Tarehe 1 Mei, ambayo kwangu ilikuwa siku ya mwisho ya mfungo, alipanda kwangu na bakuli la unga uliokwisha kuumuka, amelifunika kwa taulo. Alikuja kufuata karai. Sufuria yake ni ndogo na nyembamba, wakati mimi nina karai la Tanga, pana, lililosafiri kwenye begi langu likiwa limejazwa dagaa. Vappu bila maandazi ya huku si Vappu: yao wanaiita munkki, ya duara yenye tundu katikati, na yakitoka mafutani yanaviringishwa kwenye sukari yangali ya moto. Na mimi nilikuwa na Idi kesho yake. Unga wangu nao ulikuwa umeumuka. Tukasogeza viti.

Wa kwake ulikuwa wa maziwa, yai, siagi na iliki. Wangu wa tui la nazi la kopo na iliki. Aliponifungulia taulo nilinusa na kusimama pale pale. Iliki! Watu wa huku wanaitia kwenye mikate yao yote mitamu, na kwa mummo ni harufu ya Jumamosi, siku mama yake alipokuwa akioka. Nikamwambia kwetu iliki inalimwa Usambara Mashariki, huko Amani, kwenye milima iliyo juu ya Muheza. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Inakua kwenye mti?" Maisha yote ameinunua kwenye pakiti ndogo, imesagwa tayari. Nikamchorea mmea kwenye bahasha ya bili ya umeme, na vitumba vyake pale chini karibu na udongo.

Tulichoma kwa zamu. Munkki zake zilielea zikigeuka rangi polepole. Zangu nilikata pembe tatu, nikazitumbukiza, nikazimwagia mafuta juu kwa mwiko mpaka zikavimba. Moja ilipopoa aliipasua, akatazama ndani.

"Hamna kitu."

"Ndiyo."

"Kilichokuwemo kimekwenda wapi?"

Nikamweleza kuwa hapo ndipo mbaazi za nazi zinapokaa. Hakuridhika sana na maelezo hayo. Lakini kazi moja aliifanya barabara: mimi nimefunga, siwezi kuonja, basi yeye akawa ulimi wangu. Akahukumu kwamba unga wangu umepungua chumvi, na kwamba wake uko sawasawa. Nilidhani labda atasema atanisubiri tule pamoja magharibi, maana kwenye hadithi ndivyo majirani wanavyofanya. Hakusema. Alikula matatu yangu na mawili yake, akanywa sima, akashuka kulala kidogo. Mimi nikabaki na karai, dirisha wazi, na jua limesimama juu ya paa la jirani kwa saa nyingine tano.

Idi yenyewe tulikuwa wachache. Kutoka Kemi, mji wa jirani, alikuja mama mmoja wa Uvira na watoto wake. Yeye ni Mkristo lakini sikukuu haimpiti, na Kiswahili chake kinanichekesha kama changu kinavyomchekesha. Nilimmiminia sima ya mummo. Akaonja, akafumba jicho moja. "Yaya, hii ni mutoto wa kasiksi," akasema. Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao Kivu. "Lakini ingali inanyonya." Watoto walimaliza munkki kwanza, kwa sababu ya sukari, kisha wakayageukia maandazi na mbaazi. Mummo aliyekuwa amepanda kwa mwaliko alimtazama mtoto mmoja akijaza mbaazi kwenye lile pango, na hapo ndipo aliposema aah.

Nusu ya kwanza ya Mei hivi, mto unapasuka. Hii si kazi ya jikoni, lakini siwezi kuiruka. Siku ambayo barafu ya Tornionjoki inaondoka imekuwa ikiandikwa tangu 1693. Ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za namna hiyo duniani, na ukiipitia unaona wazi siku hizi mto unafunguka mapema kuliko karne za mwanzo. Kazini wazee wanabashiri tarehe. Anayekosea ananunua kahawa, ingawa kahawa ni ya bure. Barafu inapoanza kutembea, mlio wa kwanza ni mzito, unausikia kifuani. Baadaye zinakuja sahani kubwa zinasuguana, na kando ya mto zile sindano za barafu zinamwagika na kulia kwa sauti nyembamba ya vioo. Sahani zikikwama mahali, maji ya nyuma yanapanda na kuingia nyumba za watu, kwa hiyo furaha ya darajani ina wasiwasi ndani yake. Watu wanabeba chupa za chai na kusimama tu.

Wakati huo huo mibetula inapandisha maji. Mibetula ndiyo ile miti yenye gome jeupe, na katika wiki mbili tatu hizi kabla ya majani kufunguka, ukitoboa tundu dogo shinani, lenye kina cha sentimita chache na linalopanda kidogo kuelekea ndani, ukachomeka mrija, unapata ndoo. Mti mzuri unatoa lita kadhaa kwa siku. Lazima mwenye shamba akuruhusu. Matunda ya porini na uyoga unachuma popote, sheria inakupa haki hiyo, lakini kumtoboa mti wa mtu ni jambo jingine. Mtoto wa kiume wa mummo ana kipande cha msitu, nasi tulikwenda. Mimi nilitazamia kitu cha kunukia, kwa kuwa kwetu mgema anapanda mnazi kwa shida na anachoshuka nacho kina jina. Nikaonja. Maji. Maji yenye utamu kwa mbali, wa kukisia. Tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa huku hana cha kuharibu. Lakini ni baridi, yametoka ndani ya mti dakika hiyo, na baada ya miezi sita ya mboga za friza, kunywa kitu kibichi kilichotoka ardhini kuna ladha yake nyingine ambayo sukari haina. Yanakaa siku chache tu kwenye friji. Mummo huyagandisha kwenye vichupa na kupikia uji.

Mwisho wa Mei na Juni mambo yanakwenda mbio na sina mengi ya kusema kwa sababu hapo sote tunakuwa nje. Kuna jani linalowasha, lile ambalo Wakikuyu wanaliita thabai na kulipika. Machipukizi yake yanachumwa kwa glavu, yakiingia maji yanayochemka ukali unaisha, na mummo anayapika supu ya maziwa na kuweka yai juu. Mimi nayapika kwa nazi kama mchicha. Kuna ncha laini za misonobari zinazochemshwa kwa sukari mpaka ziwe shira ya kahawia, ambazo nazo huzichumi bila ruhusa. Halafu mbu wanafika, na hapo kila mtu anakumbuka kuwa ana shughuli ndani.

Mwaka jana mummo alinipigia simu Machi, theluji ikiwa bado imefunika baiskeli yangu hadi tandiko. Alitaka kujua maandazi ya pembe tatu yanahitaji makopo mangapi ya tui. Nikamwambia kilo moja ya unga, kopo moja, na zaidi kidogo kama unga ni mkavu. Akasema ameshanunua mawili, la pili ni lile lililopunguzwa mafuta, lilikuwa na bei nafuu. Nikamwambia hilo alitie kwenye supu, tui la namna hiyo haliumui hata hasira. Akalirudisha dukani, akabadilishiwa, na risiti akanionyesha.